Ubao wa Mto: Mchezo wa Maji ya Shirika Utazamwapo kutoka Kilombero

Mto Ruaha Mkuu ufikapo Kidatu, kwenye ukingo wa kaskazini wa Bonde la Kilombero, umekwisha kufanya kazi nyingi. Umenywesha majaruba ya Usangu, umetua katika kinamasi cha Ihefu, umepita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kulijaza bwawa la Mtera. Na pale Kidatu penyewe huzungusha mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1975. Ukishatoka hapo hunywesha miwa ya kiwanda cha sukari, kisha hushuka kwenda kuungana na Rufiji. Ama maji yapitayo karibu na Ifakara ni ya mto mwingine, yaani Kilombero wenyewe. Lakini mito hiyo miwili ni ya bonde moja kubwa la Rufiji, na neno lisemwalo juu ya mmoja haliachi kuugusa wa pili. Kwa hiyo mchezo uliotungwa kwa ajili ya Ruaha unastahili kupimwa pia kwa macho ya Kilombero.

Mchezo huo ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, pamoja na wenzake waliokuwa wakichunguza matumizi ya maji ya Usangu, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2004 na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Hapa utaitwa Mchezo wa Mto. Chombo chake ni ubao mpana wa mti, ulioinamishwa ili uwe na mteremko. Katikati ya ubao umechongwa mto, utokao milimani hata kinamasini. Kando ya mto mna mabanio, na kila banio lina mfereji uendao shambani. Shamba nalo limetobolewa vishimo vidogo, na kila kishimo ni jaruba lingojalo maji. Maji yenyewe ni gololi za kioo. Humwagwa juu, zikabingirika. Mchezaji huweka kijiti kuukinga mto, gololi zikajikusanya, akazielekeza katika mfereji wake, zikatua vishimoni. Kishimo kilichopata gololi kimepata maji, na kilichokosa, mpunga wake umekauka. Aliye juu hupata mapema na kwa wingi, na aliye chini hungoja mabaki. Kwa kawaida kazi hupangwa kwa siku mbili: kwanza kucheza, kisha kuzungumza juu ya yale yaliyoonekana ubaoni na kutafuta namna ya kugawana maji ya kweli.

Wako watakaouliza kama kitu cha namna hiyo kina haki ya kuhakikiwa kama sanaa. Swali hilo lina uzito katika lugha nyingine kuliko katika Kiswahili. Kabla neno tamthilia halijaenea, vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya jukwaa viliitwa michezo ya kuigiza. Ngoma huchezwa, bao huchezwa, na harusini watu hucheza. Lugha haikuona haja ya kuweka ukuta kati ya mwigo, shindano na burudani. Huko Ulaya na Marekani ukuta huo ulikuwapo, na tangu miaka ya 1960 wasanii wengi walijitahidi kuubomoa, wakatengeneza kazi zisizokamilika mpaka mtazamaji atie mkono wake. Baadhi yao walitaka hasa kuonyesha mambo yasiyoonekana kwa jicho: mwendo wa mali, wa chakula, wa maji na wa nguvu za umeme duniani. Buckminster Fuller wa Marekani alipendekeza katika miaka hiyo mchezo ambao uwanja wake ni ramani ya dunia nzima, na wachezaji wake wangetafuta jinsi ya kuzigawa akiba za dunia ili zimtoshe kila mtu. Nia ilikuwa njema. Ila mchezaji wa Fuller husimama juu ya dunia kama mtu asiye na kwao. Katika Mchezo wa Mto mchezaji husimama penye banio lake, akaona mgongo wa mwenzake wa juu na macho ya mwenzake wa chini. Hapo ndipo mchezo wa Usangu unapoushinda ule wa Fuller, ijapokuwa chombo chake ni ubao na gololi tu.

Kazi za namna hii siku hizi huitwa sanaa shirikishi, na jina hilo lafaa kutazamwa kwa makini na wanafunzi wa lugha. Shina lake ni lile la shirika, neno ambalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya umoja wa watu wenye kumiliki kitu pamoja: mali ya shirika, shamba la shirika, chombo cha shirika. (Shina hilo hilo limetupa pia ushirikina, ambao asili yake ni kumwekea Mungu mshirika, na ambao maana yake sasa imepanuka mno, lakini hilo ni jambo jingine.) Kwa hiyo yule asemaye kwamba anatengeneza sanaa shirikishi juu ya maji ya shirika anatumia shina moja mara mbili, pengine bila ya kujua. Lakini viambishi havifanani. Shirikishi yatoka katika kushirikisha, na kushirikisha ni kauli ya kusababisha: yuko anayewatia wengine katika shirika, nao wako wanaotiwa. Wenye mali ya shirika hawashirikishwi. Hushirikiana, na hiyo ni kauli ya kutendana, isiyo na mwenyeji wala mgeni. Mtu aliyezaliwa pamoja na mtungi akashirikishwa kuchota maji yake humo ana haki ya kuuliza ni nani aliyemwalika.

Kwa sababu hiyo uhakiki wa mchezo wa namna hii hauwezi kuishia katika uzuri wa ubao wala katika furaha ya wachezaji. Katika tamthilia mhakiki husoma maneno. Hapa maneno ni ya wachezaji, nayo hubadilika kila siku. Lililoandikwa na mtungi ni kanuni. Yeye ndiye aliyeamua vishimo viwe vingapi na mteremko uwe mkali kiasi gani, ndiye aliyeamua gololi zitoke wapi na nani apewe kijiti. Mengine yote ni ya watu. Kanuni hizo basi ndizo za kuhakikiwa, na njia nyepesi ya kuzipima ni kuziweka karibu na kanuni za ubao mwingine ambao kila mtu wa pwani anaujua.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mwanzoni kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, akabakiwa na 22 mkononi za kunamua. Bao lina kula, tena kula kwa nguvu. Lakini kilicholiwa hakipotei. Kete zilizoliwa hupandwa upande wa mlaji, moja moja, shimo kwa shimo, na kesho zitaliwa tena na yule yule aliyenyang'anywa. Toka mwanzo hata mwisho hakuna kete itokayo ubaoni. Tena, anayerundika kete nyingi katika shimo moja huweza kuwa amemwandalia mwenzake karamu, na kwa sababu hiyo mchezaji mzuri huihofia nyumba yake mwenyewe inapojaa sana. Mwalimu Nyerere, aliyejulikana kwa kulipenda bao, yumkini aliyajua hayo vizuri.

Katika Mchezo wa Mto, gololi iliyotua kishimoni imekwisha safari yake. Hairudi mtoni mpaka mchezo uanze upya. Kanuni hiyo ni nyepesi kufahamika, nayo huleta haraka ile huzuni ya mwenye shamba la chini. Lakini kwa mkulima wa mpunga ina kasoro. Maji ya jaruba hayanywewi yote na mpunga. Sehemu huchukuliwa na jua na upepo, sehemu huzama ardhini, na sehemu hutoka kwa mfereji wa kutolea maji, ikaingia jaruba la jirani au ikarudi mtoni kwa faida ya mtu wa chini zaidi. Katika jambo hilo bao, ambalo halikutungwa kwa ajili ya maji, linakaribia ukweli wa maji kuliko ubao uliotungwa kwa ajili yake. Isidhaniwe kwamba watungaji hawakulijua. Lankford mwenyewe alitoa mwaka 2013 kitabu kizima juu ya swali la maji yanayookolewa kwa utumiaji mzuri: yakishaokolewa ni ya nani, ya aliyeyaokoa, ya jirani, au ya mto? Swali hilo ni gumu na lina thamani kubwa; ni hasara kwamba ubao, kwa jinsi ulivyotobolewa, hauliulizi.

Hata hivyo nguvu ya mchezo haiko ubaoni peke yake. Iko katika saa ile gololi zinapokwisha na watu wakaanza kusema. Mkulima wa juu hakuona kamwe majaruba ya chini yakikauka siku ile ile alipofungua banio lake. Umbali wa mto ulimzuia. Ubao umeufupisha mto ukawa mrefu kama kitanda, na sasa anaona. Akiulizwa, hana budi kujibu mbele ya watu. Wanazuoni wa nchi nyingine wamebishana sana juu ya hali hiyo. Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote haina budi kuharibiwa na wote, kwa kuwa kila mmoja hujitazama mwenyewe; Elinor Ostrom alimjibu kwa kitabu chake cha mwaka 1990, akionyesha mifano mingi ya watu waliotunza mali ya shirika kwa karne nyingi kwa kanuni walizojiwekea, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Watu wa Hardin hawasemezani. Kila mmoja yuko peke yake na ng'ombe wake. Mchezo wa Mto waanza kama Hardin na kuishia kama Ostrom, na mpito huo hutokea kwa maneno, si kwa gololi. Hapo huingia zamu, neno la zamani ambalo lina ndani yake wakati, haki na kungoja, vyote kwa pamoja.

Linganisha zamu na maneno ya Serikali. Kwa muda mrefu aliyesajiliwa kuchukua maji alikuwa na haki ya maji, chini ya sheria ya mwaka 1974. Tangu sheria ya mwaka 2009 anacho kibali cha kutumia maji. Haki hudaiwa, kibali huombwa. Yote mawili hupimwa kwa kiasi cha maji na huandikwa katika karatasi, hali zamu hupimwa kwa saa na siku na huandikwa katika kumbukumbu ya majirani. Mtu akikuta mto umepungua nusu, karatasi yake haimwambii la kufanya. Zamu humwambia, kwa kuwa nusu ya mto hugawanyika kwa zamu zile zile. Mchezo umelionyesha jambo hilo kwa gololi chache kuliko lilivyoweza kuonyeshwa na semina nyingi.

Ni vema pia kukumbuka kwamba nchi hii ilikwisha kuwa na sanaa ya namna hiyo kabla ubao wa Usangu haujachongwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya maonyesho ya umma katika kijiji cha Malya, Kwimba, na baadaye alieleza kazi hiyo pamoja na nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1991. Huko Malya hawakuleta mchezo uliokwisha tungwa. Walikaa na watu, wakachunguza pamoja nao tatizo lipi liwekwe mbele, na watu wakataja mimba za wasichana wa shule. Maonyesho yakatungwa kwa ngoma na mwigo wa pale pale, kisha yakajadiliwa na watazamaji. Kazi ilikuwa ya polepole na yenye gharama, na ni rahisi kusema kwamba ubao unaochukulika katika gari hufika vijiji vingi zaidi. Ni kweli. Lakini Malya watu walishiriki katika kuamua mchezo uwe juu ya nini. Usangu walishiriki katika kuucheza. Tofauti hiyo ndiyo ile ya kushirikiana na kushirikishwa iliyokwisha tajwa, wala si tofauti ya ufundi.

Na sasa ubao uchukuliwe Ifakara. Jambo la kwanza litakaloonekana ni kwamba mteremko hauko. Mto Kilombero hutiririka katika mbuga tambarare kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, nao hupokea vijito vingi kutoka pande zote mbili. Wakati wa Masika hautoshi katika kingo zake. Hufurika, na mbuga nzima huwa ziwa. Kambale na perege huyafuata maji majanini, na mitumbwi hupita mahali palipopita baiskeli miezi michache nyuma. Wakulima huwa wamehamia madungu yao mbugani, wakiulinda mpunga na ndege na nguruwe. Maji yakipungua, mpunga huvunwa, na majani mabichi hubaki kwa ng'ombe na kwa wanyama wa porini, hasa sheshe, ambaye zamani idadi kubwa kabisa ya jamii yake barani Afrika ilikuwa katika bonde hili, na sasa amepungua sana. Mpunga mwingi wa Kilombero haunyweshwi kwa banio. Hunywa mvua na mafuriko.

Basi mahali pamoja pana wenyewe watatu au wanne katika mwaka mmoja: mvuvi, mkulima, mfugaji na mnyama. Hawako juu na chini. Wako kabla na baada. Usangu ugomvi ni wa mahali, na swali ni nani amesimama juu ya nani. Kilombero ugomvi ni wa majira, na swali ni nani amefika kabla mwenzake hajaondoka. Ng'ombe walioingia mbugani mpunga ungali umesimama wamefanya kosa. Wale wale, baada ya mavuno, hawakumkosea mtu. Ubao wa vishimo hauwezi kulisema jambo hilo, kwa kuwa kishimo hakibadiliki jina. Ungehitajika ubao ambao kishimo chake ni mtego wa samaki mwezi wa Aprili, jaruba mwezi wa Juni na malisho mwezi wa Septemba, na mchezaji mmoja humwachia mwingine kiti chake wakati ukifika. Hapo zamu ingerudi, lakini zamu ya ardhi na si ya mfereji.

Jambo la pili ni kwamba katika Mchezo wa Mto kila gololi ni neema. Hakuna asiyeitaka. Watu wa Kilombero wanayajua maji ya namna nyingine. Masika ya mwaka 2024 yaliumiza sehemu za bonde hili na nchi ya Rufiji chini yake, na wakati huo kila mtu angempa jirani gololi zake bila ya kuombwa. Maji ya jaruba ndiyo pia makao ya viluwiluwi vya mbu. Haikuwa bahati tu kwamba maabara ya Waswisi iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ikawa mojawapo ya mahali mashuhuri duniani pa kuchunguza malaria. Mali ya shirika ina madhara ya shirika. Mchezo unaogawa faida peke yake umeacha nje nusu ya mambo wanayolazimika kuafikiana watu wakaao penye maji mengi: nani atapasua tuta ili maji yatoke, na yatokee kwa nani.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni la wachezaji wenyewe. Ubao wa Usangu, katika muundo wake wa msingi, umejengwa juu ya mabanio na majaruba. Mwenye jaruba ana kishimo. Mwenye ng'ombe, ambaye huyafuata maji badala ya kuyaita kwake, hana pa kuweka gololi. Katika mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo lao kubwa likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Wengi walihamia mabonde mengine, Kilombero likiwamo; na mwishoni mwa mwaka 2012 huko Kilombero nako ikafanywa operesheni ya kuwaondoa wafugaji mbugani. Haifai kusema kwamba ubao ndio uliowafukuza. Ubao haukufukuza mtu. Lakini picha ya mto yenye wakulima na kinamasi tu humzoesha mtazamaji kuwaona wengine kama watu waliopotea njia.

Wako na wengine wasio na kidole cha kushikia kijiti. Katika Udzungwa, juu ya bonde, Mto Kihansi uliporomoka kwa maporomoko makubwa, na katika manyunyu yake aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana mahali pengine popote. Maji yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, mwanzoni mwa mwaka 2000, manyunyu yakakoma karibu yote. Yakawekwa manyunyu ya mabomba. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wale waliobaki walikuwa wakizalishwa katika bustani za wanyama za Marekani, na mwaka 2012 baadhi yao wakarudishwa Kihansi. Gololi ya mchezo ina thamani kwa sababu imetua. Maji ya chura yule yalikuwa na thamani kwa sababu yalikuwa yakianguka, na kwa hesabu ya ubao maji yaangukayo tu hayatumiki.

Bonde la Kilombero lina wenye haja walio mbali zaidi. Mwaka 2002 liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia, kilomita za mraba zipatazo 7,967, na kwa tendo hilo watu ambao hawajapata kuliona walijipa neno ndani yake. Reli ya TAZARA huchukua mchele wake, kampuni zimepanda mitiki kwenye kingo zake, na miwa ya Kidatu hutiwa katika vikombe vya chai mijini. Lakini kubwa kuliko hayo yote ni kwamba Kilombero huupa Mto Rufiji kiasi cha asilimia 62 ya maji yake ya mwaka. Maji hayo sasa huingia katika bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115.

Hapo kanuni kuu ya Mchezo wa Mto yageuka kichwa chini. Ubao hufundisha kwamba aliye juu ana nguvu na aliye chini ni mnyonge, na katika mfereji wa Usangu ni kweli. Katika mto mzima si kweli. Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka katika Hifadhi wakati wa kiangazi, mwaka 1993, na taifa lilipopata mgawo wa umeme mwaka 2006 kwa upungufu wa maji Mtera, walionyoshewa kidole walikuwa wa juu, na aliyenyosha kidole alikuwa chini. Mwenye bwawa hukaa mwisho wa mto, lakini hakai kungoja mabaki. Ana sheria, ana askari, ana hesabu za taifa zima mkononi. Neno la Kiswahili limelihifadhi fumbo hilo: watu wa juu, kwa mkulima wa mfereji, ni wale wa upande wa chemchemi, kwa mwananchi yeyote ni wakubwa. Ubaoni maana hizo mbili hukutana katika mtu mmoja, mwenye banio la kwanza, naye huonekana mchoyo na mwenye nguvu. Kwa mtu wa Mlimba au Malinyi, watu wa juu kwa maana ya pili wako chini kabisa kwa maana ya kwanza, mamia ya kilomita kuelekea baharini, nao hawakuitwa mchezoni.

Fundi atakayechonga ubao wa Kilombero atakuwa na kazi ya kuamua mtu huyo wa mwisho asimame wapi. Akimweka chini, mahali pake pa kweli katika ramani, amwachie gololi zinazobaki, atakuwa amewadanganya wachezaji. Akimweka juu, ili nguvu zake zionekane, maji yatakuwa yakipanda mlima. Huenda itambidi amweke kando, nje ya ubao, akiwa ameushika ubao wenyewe kwa mkono mmoja, aweze kuuinamisha apendavyo mchezo ukiendelea. Na awaache wenye mashamba, wenye mitumbwi na wenye ng'ombe wafikie wenyewe kumwona.